Vipimo vya Kichwani

Daktari alimuuliza mke wangu tulikuja na usafiri gani asubuhi ile. Mke wangu akageuka kunitazama, nami nikajibu.

"Tumekuja na basi," nikasema. "Na njia nzima mama huyu alikuwa anagombana na dirisha lisilofunga."

Mke wangu akacheka. Daktari naye akacheka, ila kicheko chake kilikatika mapema, akainama akaandika neno moja kwenye karatasi yake. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nimekuja kwa shughuli yangu, na niliona shughuli yangu imeanza kwenda vizuri.

Mgonjwa siku ile nilikuwa mimi. Ndiyo maana nilivaa shati jeupe la kola ngumu, nikidhani wataniingiza kwenye mashine, na sikutaka mashine inikute nimevaa hovyo. Mke wangu nilikuja naye kwa sababu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia aibu hata nikiwa peke yangu. Nilitaka akae pale pale, kwenye kiti cha karibu, asikie kwa masikio yake mwenyewe kwamba mume wake hana ugonjwa wa kusahau, kwamba kichwa changu ni kizima, na kwamba yote aliyokuwa akinisema mbele ya wateja yalikuwa ya kunionea. Nilimleta kama shahidi, na moyoni nilijua nimemleta ashindwe.

Sisi ni mafundi wa nguo. Mimi nakata, yeye anapima na kushona. Duka letu ni chumba kimoja cha mbele: meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka kona, na pazia la kujaribia nguo ambalo siku zote tunasema tutalibadilisha. Tangu tulipofungua hatukuwahi kuandika kipimo. Mafundi wengine wana madaftari yaliyolowa mafuta ya cherehani; sisi tulijiona tumewapita. Mteja akisimama, mke wangu anamzungushia tepu na kutaja namba kwa sauti ya kuvuta kidogo, "Bega kumi na nane... mkono ishirini na nne...", na mimi huku mezani nimeshapiga chaki kwenye kitambaa kabla hajafika kiunoni. Kuna watu walileta wageni wao waje tu watuone tunavyofanya kazi. Na sisi, tusiseme uongo, tukiona wageni tulikuwa tunaongeza mwendo.

Mtu akishapimwa mara moja ilikuwa imetosha. Vipimo vyake vilikaa kichwani mwa mke wangu. Mteja aliyehamia mji mwingine angepiga simu kutaka suruali mbili. Mke wangu anafumba macho kidogo, anavuta pumzi, kisha anataja kiuno, paja, urefu, mpaka upana wa chini anaoupenda mtu yule, na nguo ikitumwa inamkaa. Wakambandika jina la Kompyuta enzi ambazo mtaani kwetu hakuna aliyekuwa ameigusa kompyuta. Mimi waliniita Mkasi, kwa sababu ya kazi yangu, na kwa sababu ya mdomo pia.

Mdomo ninao, sikatai. Mke wangu tangu ujana ni mtu wa maneno machache, na mimi nilijichukulia kazi ya kumsemea. Akiulizwa bei, nataja mimi. Akiulizwa habari za watoto, natoa mimi, na chumvi juu. Binti yetu akipiga simu, mama yake anapokea, anasalimiwa, anasema, "Haya, baba yako huyu hapa," na simu imeshafika mkononi mwangu. Tulilicheka jambo hilo miaka na miaka. Nilikuwa nawaambia watu kwamba nilioa mke nikapewa na kazi ya usemaji wake, tena bila mshahara.

Ubaya wa vipimo vya kichwani ni kwamba havina ushahidi. Kitambaa kikishakatwa, alama ya chaki inapanguswa, vipande vinashonwa, na ile namba inabaki baina ya mdomo wake na sikio langu. Hilo halikutusumbua kamwe, kwa kuwa hatukuwa na kesi. Kisha nguo zikaanza kurudi.

Ya kwanza ilikuwa suruali ya dereva mmoja, mteja wetu wa zamani, fupi kiasi kwamba soksi zote ziko nje. Mke wangu akasema, "Nilikutajia arobaini na mbili, wewe ukakata thelathini na tisa." Mimi nilikuwa nimesikia thelathini na tisa. Ningeapa. Lakini mwanamke huyu sijawahi kumwona akikosea namba tangu nimjue, na alisema kwa uhakika, basi nikajiambia kwamba masikio yangu yamezeeka kabla ya mwenye nayo. Tukashona nyingine kwa hasara yetu. Likaja gauni la mwalimu wa watoto wadogo, kifua kimembana hata zipu haipandi. "Nilikutajia vizuri," mke wangu akasema tena. Baada ya hapo akaanza kuniambia kwa upole, tukiwa wawili tu, "Baba watoto, umeanza kusahau."

Upole haukudumu. Kila kilichopotea nyumbani kikawa nimekipoteza mimi. Mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ulikutwa ndani ya kopo la sukari. Alinitazama akitikisa kichwa, nami nikakuna changu nikijaribu kukumbuka ni lini niliuweka humo. Pasi ilisahauliwa juu ya kitambaa cha mtu ikakitoboa. Mimi nilikuwa nimetoka kununua vifungo, niliporudi nikaambiwa niliiacha inawaka. Nikaomba radhi. Nikawa sipati usingizi. Nikifika dukani nakumbuka kwamba sikumbuki kama nimefunga mlango wa nyumba, narudi mbio, nakuta nimefunga. Mteja anasimama mbele yangu jina lake limenitoka, natokwa jasho kama mwizi. Kumwambia mtu kila siku kwamba anasahau kunamfanya asahau kweli, hilo nimeliona kichwani mwangu mwenyewe.

Lililonivunja kabisa ni koti la mwalimu mkuu. Alikuwa anastaafu. Amevaa nguo zetu maisha yake yote ya kazi, hivyo hakuona haja ya kuja kupimwa upya wala kulijaribu. Alitupigia simu tu, mke wangu akafumba macho, akataja, nikakata. Akaja kulichukua asubuhi ya sherehe yenyewe. Akalivaa mbele ya kioo, na mikono ya koti ikameza vidole vyake vyote. Akainua mikono juu, ile nguo ikining'inia, akacheka, maana ni muungwana.

"Mkasi," akasema, "hili ulimshonea nani?"

Kabla sijafungua kinywa, mke wangu akajibu kutoka kwenye cherehani, hata mguu hakuuondoa kwenye kanyagio.

"Nilimtajia vizuri. Huyu siku hizi anasahau. Tumvumilie tu."

Kulikuwa na wateja wengine ndani. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko kama wangecheka. Nilikunja mikono ya koti lile kwa ndani, nikaishikiza kwa pini, nikaipiga pasi nimeinama ili uso wangu usionekane, na mwalimu akaenda kupewa zawadi zake na koti la pini. Nilimshukuru mke wangu kwa uvumilivu wake, kwa sauti, mbele ya watu wote. Ndani nilikuwa nimefura. Nilijiambia kwamba ipo siku mtu aliyesomea mambo haya atamwambia ni nani anayesahau.

Binti yetu ndiye aliyetafuta daktari. Anafanya kazi mbali, na mama yake alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba baba anasahau, ameharibika, hafai tena kushika mkasi. Ilikuwa mara moja ya nadra ambayo mama alizungumza kwenye simu mpaka mwisho bila kunipa simu. Binti akalia. Akanisihi nikaonwe. Nikamjibu kwamba nitakwenda, na mama yako nitakwenda naye.

Daktari mwenyewe alikuwa msichana wa umri wa huyo binti yetu. Alituamkia wote wawili, akavuta kiti chake akakileta upande wetu wa meza. Nikatafuta mashine kwa macho, sikuiona. Kulikuwa na kalamu, karatasi, na picha ya ubongo ukutani iliyopauka kwa jua.

"Kwanza tutazungumza tu," akasema.

Nilivunjika moyo kidogo. Kisha nikafikiri: kuzungumza? Binti, umempata mwenyewe.

"Baba, nieleze mara ya mwisho uliposahau kitu mpaka kikakusumbua. Na ulijuaje kwamba umesahau?"

Nikamweleza. Nilianza na koti: kitambaa chake cha kijivu, bitana yake, mwalimu alivyoinua mikono, nani alikuwa amekaa wapi, mke wangu alisema nini na mimi nilijibu nini. Nikaenda kwenye suruali ya dereva, nikarudi kwenye gauni. Nikamweleza mkasi kwenye sukari, na kwamba siku ile mvua ilikuwa inanyesha na tulikunywa chai bila sukari kwa kuogopa vyuma. "Na lile swali lako la pili," nikamwambia, "najuaje? Naambiwa." Nilimweleza hata nilichokuwa nawaza wakati nasahau. Alinisikiliza bila kunikata, kitu ambacho nyumbani sijakizoea, kwa hiyo nikaongeza.

Mara kwa mara alikuwa anamgeukia mke wangu, kirafiki. Mmekuja na usafiri gani, mama? Mke wangu ananitazama, najibu mimi. Mama, na wewe umeyaona haya anayoyasema mzee? Ananitazama. "Kayaona sana," nasema. Wajukuu wangapi? Ananitazama tena, huku akitabasamu, na mimi nasema wanne, wa tano yuko njiani. Nilidhani ni adabu za daktari kumchangamsha mgeni aliyenisindikiza. Sikujua kwamba ndiyo uchunguzi wenyewe.

Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Baba, nadhani wewe huna ugonjwa ninaoutafuta hapa. Una wasiwasi mwingi, na hulali. Hayo yanamfanya mtu asahau, na yana msaada."

Nitasema nilichohisi, maana ndicho kinachonifanya nishike kalamu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikioni, kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja. Nikamgeukia mke wangu, nikamwonyesha meno yote niliyobakiwa nayo.

"Umesikia?" nikamwambia. "Umesikia lakini?"

Naye alifurahi. Hilo ndilo linalonitafuna. Alinishika goti, akasema, "Mungu mkubwa," na nikaona wazi kwamba alikuwa amekaa pale muda wote akiniogopea.

Daktari hakutabasamu pamoja nasi. Alikuwa anachagua maneno.

"Umenihadithia ulivyosahau, baba, na umenihadithia kwa mpangilio, mpaka rangi ya bitana. Nilikuuliza maswali mawili kwa mpigo, ukajibu yote mawili. Mtu ambaye kumbukumbu yake inaliwa na ugonjwa, mara nyingi hawezi hivyo. Mara nyingi ananiambia hana shida yoyote, au ananipa jibu la juu juu. Nikimuuliza kitu cha karibuni..." Hapo akasita. "Anamtazama aliyekuja naye, ili amjibie."

Aliposema hilo alikuwa ananitazama mimi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Asubuhi ile ikanirudia. Nilimwona mke wangu kwenye basi akigombana na dirisha, dakika chache tu kabla ya kuingia chumba kile. Nilimwona akiulizwa tulikuja na nini, akageuka.

"Sasa ningependa kuongea na mama kidogo," daktari akasema. "Na wewe baba nakuomba kitu kimoja, najua ni kigumu. Usimsaidie."

Nilianza kucheka. Kisha nikaona hachezi, nikaacha.

Wiki ile nyumbani kwetu alikuwa amefika mdogo wake mke wangu, kitinda mimba wa kwao, ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Alilala kwetu chumba cha uani, wakakaa wakishikana mikono na kutajiana majina ya watu ambao mimi siwajui, na jana yake alipoondoka walilia wote wawili mlangoni mpaka majirani wakachungulia. Asubuhi tukiwa tunajiandaa kuja hospitali mke wangu aliniuliza, "Nani amelala chumba cha uani? Kitanda kimevurugwa." Nikamwambia, "Mdogo wako, mama, umeshamsahau?" Nilisema kwa mzaha, nikaendelea kutafuta soksi zangu.

"Mama," daktari akasema, "wiki hii nyumbani kwenu kulikuwa na nini?"

"Wiki hii?" Mke wangu akajiweka vizuri kitini. "Kazi, mwanangu. Mafundi sisi, wiki zetu zote zinafanana."

Alilisema vizuri, kwa ucheshi, na mtu asiyejua angeridhika nalo. Mimi mwenyewe nimeridhika na majibu ya namna ile sijui mara ngapi.

"Hamkupata mgeni?"

Mke wangu akageuka kunitazama.

Nikatazama pindo la koti la daktari. Lilikuwa limefumuka upande mmoja, uzi unaning'inia. Nikalikazia macho. Nikaanza kulishona kichwani, sindano inaingia, inatoka, inaingia, na mdomo huu ambao haujawahi kushindwa na mtu nikaubana mpaka taya zikaniuma. Kwenye shavu nilihisi macho yake yananingoja.

"Mwambie basi," mke wangu akasema taratibu.

Sikumwambia.

"Baba watoto. Mwambie."

Huko nje watu walikuwa wakiitwa majina. Akafungua mkoba wake akatoa tepu. Anatembea nayo siku zote, kama wengine wanavyotembea na leso. Akaanza kuizungusha kwenye kidole, akaifungua, akaizungusha tena. Akamwambia daktari kwa sauti ndogo kwamba leo amechoka kidogo. Daktari akasema hakuna neno, mama, akamshika mkono, na ndipo nikaruhusiwa kuinua macho.

Tulipotoka, alitembea nyuma yangu kidogo kwenye ule ukumbi mrefu. Kwenye ngazi akanivuta mkono wa shati.

"Nimekukosea nini?" akaniuliza.

Alidhani nimemnunia. Maisha yetu yote sijawahi kumwacha bila jibu, na siku niliyomwacha, alidhani ni adhabu. Nikamwambia hakunikosea kitu. Hakuniamini, na ulipofika wakati wa kupanda basi alikuwa amelisahau swali lake, mimi nikiwa bado nalo.

Daktari alituambia wazi kwamba mazungumzo peke yake hayatoshi. Yanamwonyesha aanzie wapi, basi. Alitaka damu, alitaka masikio yapimwe, alitaka picha ya kichwa, akauliza kama mama ana huzuni yoyote iliyomkaa, kwa sababu yapo mambo mengi yanayomfanya mtu asahau, na mengine yana dawa. Nikaomba iwe damu. Nikaomba iwe masikio. Nilikuwa tayari kupiga kelele nyumba nzima mpaka siku ya kufa. Niliomba hata iwe huzuni, na kama mimi ndiye niliyemhuzunisha, niambiwe nijirekebishe. Haikuwa mojawapo ya hayo. Ulikuwa ugonjwa ule ule alioutafuta kwangu akaukuta kiti cha pili.

Binti yetu alikuja. Alilia begani mwangu akaniambia nisijilaumu, hakuna aliyejua. Ni kweli, hakuna aliyejua, na hakuna aliyejua kwa sababu kila aliyemuuliza mama swali alijibiwa na mimi. Yeye binti alikuwa hazungumzi na mama yake kwenye simu. Alizungumza na mimi. Wateja walizungumza na mimi. Nilisimama mbele yake kama lile pazia la kujaribia nguo, nikipepea na kuchekesha watu, na nyuma yangu mke wangu alikuwa anavuliwa kitu kimoja kimoja.

Nikarudi nyuma kuhesabu upya, maana kichwa changu ni kizima, nimethibitishiwa na daktari, na kwa hiyo hakuna ninachoweza kukisahau. Mkasi kwenye sukari ulikuwa wake. Pasi ilikuwa yake. Thelathini na tisa niliisikia sawasawa. Kila alichoniambia nimesahau alikuwa amekisahau yeye, na alinisema kwa uhakika wote wa mtu anayesema kweli, kwa sababu kwake ilikuwa kweli. Na mimi nilikasirika. Nilifura kwa ajili ya makoti na suruali. Kulikuwa na kesi kati yetu, nikaibeba mpaka hospitali, nikashinda.

Siku hizi vipimo nachukua mwenyewe, na ninaviandika kama mafundi wengine. Wateja wanajua, hawaulizi. Mke wangu anakaa kwenye cherehani yake. Mikono yake haijapotea, mshono wake bado umenyooka, ila inabidi nimpe vipande kwa mpangilio. Watu wakimwuliza kitu anageuka kunitazama, na mimi najibu. Daktari alisema sasa naruhusiwa. Najibu kwa kifupi, naacha nafasi kidogo kwanza, labda atataka kusema mwenyewe. Mara nyingi hasemi.

Ulipokaribia mwaka tangu siku ile, tulikuwa na miadi ya kurudi kwa yule daktari, na mimi nikaamua kujishonea shati jipya la buluu. Nilitandika kitambaa mezani. Kisha, sijui kwa nini, nikamwita, nikampa tepu, nikasimama mbele ya kioo.

Alijua la kufanya. Alikuja nyuma yangu, akainyoosha begani, na ile sauti yake ya kuvuta ikatoka kama zamani. "Bega kumi na nane..." Ilikuwa sawa. Nilisogea mezani nikapiga chaki, nikarudi, nikampa mkono. Akaishusha tepu mpaka kwenye kifundo, akaibana kwa kidole gumba.

"Mkono ishirini na nane."

Mkono wangu ni ishirini na nne. Nimekata mashati yangu tangu sijamjua yeye. Chaki ikasimama mkononi mwangu, na ule mdomo wangu wa zamani ukaanza kufunguka. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa ananingoja nipige chaki, kichwa amekiinamisha kidogo, mwenye kazi yake. Nikaenda mezani nikapiga ishirini na nane, nikakata. Akalishona siku nzima, na lilitoka shati zuri, mshono kama umepigwa rula.

Nikalivaa kwenda hospitali. Daktari alituamkia, akavuta kiti upande wetu kama mara ile. Macho yake yakaliangalia shati langu, yakashuka mpaka mwisho wa mikono, mahali vidole vyangu vilipokuwa vimepotelea, yakarudi juu.

"Umependeza, baba," akasema. "Mama, shati hili kashona nani?"

Mke wangu akageuka kunitazama.

Safari hii hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilinyamaza, na sikutafuta pindo la mtu; nilimtazama yeye. Tukatazamana. Akashusha macho kwenye shati, akaushika mkono wangu, akaanza kuukunja kwa juu, mkunjo mmoja, akaunyoosha kwa kiganja, akakunja wa pili, jinsi alivyokuwa akiwafanyia wateja.

"Nimelishona mimi," akasema. "Ila huyu alikosea kukata. Nilimtajia vizuri."

Daktari akanitazama.

"Ni kweli," nikamwambia. "Alinitajia vizuri. Nilisahau."

"Tumvumilie tu," mke wangu akamwambia daktari, na akanyoosha mkono wake kuuomba mkono wangu wa pili.